Filamu Iliyorudi Mbeya

Kila jioni Nyamizi alikamua ng'ombe, akaosha mikono kwa sabuni, akajifunga khanga safi na kwenda darasani. Darasa la watu wazima lilikuwa katika kanisa dogo la Ubaruku. Mwalimu Anania aliwasha karabai na kuitundika karibu na ubao. Kabla ya kufungua vitabu waliomba pamoja. Kimoyomoyo, Nyamizi aliomba jambo moja kila siku: asome Zaburi kwa macho yake mwenyewe kabla hajafa. Tayari aliweza kusoma maneno mafupi.

Mama mkwe wake, Bibi Ngolo, alisoma pia. Alikaa mbele kabisa kwa sababu ya macho. Shigela, mume wa Nyamizi, hakusoma. Alisema ng'ombe wake wanamjua bila yeye kuandika jina.

Mwaka ule wa 1975 kazi ya mpunga ilikuwa nyingi, na wanafunzi walipungua. Mratibu wa elimu alikuja akakuta mabenchi matupu. Aliwaambia kwa upole kwamba angerudi mwisho wa mwezi. Kama mabenchi yangekuwa bado matupu, karabai na vitabu vingepelekwa kijiji kingine.

Nyamizi alirudi nyumbani akamweleza mumewe.

"Mama Malimi, watu wanapenda sinema," Shigela alimwambia. "Nitaleta sinema. Wakija kutazama, watabaki kusoma."

Alipanda basi hadi Mbeya, kwenye duka la Kantilal, ambaye alikodisha filamu na mashine ya kuonyeshea. Shigela alichagua filamu ya afya. Kantilal alimwambia kwamba lazima irudi Jumatatu asubuhi. Shigela aliitikia, lakini moyoni hakuhangaika. Kwao Usukumani mtu humpa mwenzake ng'ombe amtunze. Mtunzaji hukamua maziwa, na mwenye ng'ombe haji kumdai kesho yake. Shigela aliona filamu nayo ni hivyohivyo. Akichelewa kidogo, atasema mvua ilinyesha.

Na mvua ilinyesha kweli. Jumamosi gari lililobeba mashine lilikwama kwenye matope ya Usangu, na watu waliosubiri kanisani wakarudi makwao. Filamu ilionyeshwa Jumapili jioni. Kijiji kizima kilikuja. Asukile, kijana wa dukani aliyekuja na mashine, aliwasha jenereta, na picha zikaanza kukimbia ukutani.

Filamu ilisema Kiingereza. Mwalimu Anania alijaribu kueleza, lakini kabla hajamaliza jambo moja, picha ilikuwa imefika jambo la tatu. Mama mmoja ukutani alishika chungu cha maji, akafanya kitu, akaondoka.

"Amefanya nini pale?" aliuliza Bibi Ngolo. "Mrudishe."

Asukile alieleza kwamba hawezi kuisimamisha. Picha ikisimama mbele ya taa ile, inaungua.

Alfajiri Asukile alifunga mizigo. Shigela alimwomba aiache filamu wiki moja tu. Angeitunza kama ng'ombe wake.

"Mzee, kesho ng'ombe huyu anasubiriwa Tukuyu," alisema Asukile, akapanda gari.

Jumatatu jioni watu walirudi kanisani wakakuta ukuta mtupu. Bartolomeo, dereva wa trekta la kijiji, alimcheka Shigela mbele ya wote. "Vipi, sinema imekwenda malishoni?" Watu wakaangua kicheko, wakaondoka. Darasani walibaki Nyamizi, Bibi Ngolo na wengine wachache.

Shigela alikasirika. Alikwenda Mbeya kugombana, na Nyamizi akafuatana naye ili asigombane. Njiani Nyamizi alimwomba Mungu awape mtu wa kuwasikiliza. Dukani walimkuta Rekha, mke wa Kantilal. Alimsikiliza Shigela mpaka mwisho.

"Ndugu Shigela, sisi tunaishi kwa kukodisha, kwa hiyo nitakuambia ukweli," alisema Rekha. "Ukikodi filamu, saa zinaanza kuhesabiwa hapa mlangoni. Gari likikwama, saa hazikwami. Mwingine anaisubiri. Ukiirudisha, unabaki na kile ulichokumbuka tu."

"Mbona ilisema Kiingereza?"

"Uliuliza lugha yake kabla ya kuichukua?"

Shigela alitikisa kichwa.

"Watu wakitaka kucheka jioni moja, wakodi," Rekha aliendelea. "Darasa linahitaji kitu cha kubaki nacho."

Alitoa kopo dogo. Ndani yake kulikuwa na utepe wa picha zilizotulia za somo lilelile la afya, moja baada ya moja. Utepe ule alikuwa anauuza, pamoja na taa ndogo ya kuuonyeshea. Taa ile haikuunguza picha. Ilitumia betri ya gari. Rekha aliwashauri wasinunue kitu kabla ya kujua betri wataipata wapi.

Nyamizi alichukua utepe, akaenda mlangoni na kuunyanyua kwenye mwanga. Chini ya picha kulikuwa na maandishi madogo ya Kiswahili. Alikaza macho.

"Che-msha ma-ji ya ku-nywa," alisoma. Akarudia haraka zaidi. "Chemsha maji ya kunywa. Baba Malimi, yule mama alikuwa anachemsha maji."

Shigela alimtazama mkewe, akautazama utepe. Akamuuliza Rekha bei.

Wanafunzi walichanga mpunga, na Shigela akauza ndama ili utepe na taa vinunuliwe. Kisha alikwenda kwa Bartolomeo kumwomba betri ya trekta. Bartolomeo alimtania kwanza, halafu akaibeba betri yeye mwenyewe, kwa sababu alitaka kuona. Kamati ya kijiji ilikuwa imekwisha kukubali itumike jioni.

Mwisho wa mwezi mratibu alirudi kama alivyoahidi. Jioni ilikuwa imeingia. Aliona kanisa lina giza, karabai imezimwa. Akafikiri darasa limekufa. Alisukuma mlango ili achukue taa.

Ndani hapakuwa na nafasi ya kukaa. Watu walibanana kwenye mabenchi hadi sakafuni, na Bartolomeo alikuwa amekaa juu ya kreti la soda. Ukutani palikuwa na picha moja: mama, chungu, moto. Picha ilikuwa imetulia. Mwalimu Anania alionyesha silabi kwa fimbo, na watu wakaanza kusoma kwa sauti moja.

"Samahani," alisema mratibu. "Nilikuja kwa ajili ya karabai."

"Subiri, mwanangu," alisema Bibi Ngolo bila kugeuka. "Tutaiwasha tukimaliza kusoma hii. Shigela, sasa zamu yako. Usikimbie, haiendi popote."

Shigela alisimama, akakohoa, akaanza.

"Che," alisema. "Che-msha."