Mwosha Aliyesimulia

Maji yalianza kumkataa Rachida siku ya Jumanne asubuhi, akiosha masufuria uani. Aliyamimina mkononi yakateleza, yakajikusanya matone matone, yakaanguka chini kama yanavyoanguka kwenye jani la muhogo. Mkono ukabaki mkavu. Akajaribu sabuni. Sabuni nayo ikakaa juu juu, haikushika ngozi.

"Mama, kuya uone," aliita. "Maji haitaki kunishika."

"Maji yenye tulipangia mulongo, weye uko unacheza nayo," mama yake akajibu toka ndani; foleni ya bombani walikuwa wameipanga tangu alfajiri.

Lakini alitoka, akaangalia, akanyamaza. Waliomfahamu Alima, mama huyo, wangeogopa hapo hapo, maana kunyamaza hakukuwa kazi yake.

Kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake wa Kiislamu wa mtaa wa Kamalondo. Aliirithi kwa mama yake, mtu wa Maniema. Kazi hiyo ina sharti moja kubwa: ukiona kitu kwenye maiti, unakifunika pamoja na maiti. Kafuri, sanda, udongo, kwisha. Alima mikono yake ilikuwa mizuri sana. Mdomo ndio haukujifunza. Watu wengine wakiona jambo la kuwatia wasiwasi husema tu ni baya, wanatema mate, wanakwenda zao. Alima alikuwa na neno la kila ubaya. Harufu kwake haikuwa harufu: ilikuwa shombo, au uvundo, au ukakasi unaokaa nyuma ya ulimi hadi kesho yake. Kitu kilicholowa alikiita chenye mnato, na alipotamka hivyo alisugua vidole ili uone. Wanawake walisogea karibu kumsikiliza, wakaziba midomo, wakaomba Mungu awasamehe, halafu wakamwomba arudie.

Mwezi uliopita alikuwa amemwosha Nafisa, mke wa Feruzi fundi cherehani. Siku ileile, akila bukari, ugali wa kilioni, na waombolezaji, alisimulia mambo matano, moja baada ya jingine. Maji yalimkataa Nafisa. Mwili ulitoa shombo ya shaba iliyolowa. Vidole vya mkono wa kushoto vilijikunja na havikukunjuka. Jicho moja lilikataa kufumba, likawa linamfuata kila aendako. Na la tano, alipokuwa anafunga sanda usoni, Nafisa aliita jina la mke wa kwanza wa Feruzi, yule aliyekufa bila kuugua.

La tano halikutokea. Aliliongeza kwa sababu Adolphine, jirani yake wa Kasai, alikuwa ameanza kuangalia simu.

Wiki haikwisha, mtaa wote ukawa unasema Nafisa ndiye aliyemla mke wa kwanza kwa uchawi. Familia moja ya Golf, mtaa wa matajiri, iliyokuwa imemposa binti wa Nafisa ikatuma watu wawili wenye viatu vizuri waseme hawaoi kwenye nyumba ya namna hiyo. Binti akarudisha vitu vya posa. Alima alipoambiwa alisema maskini, akaendelea kuchambua matembele.

Sasa maji yalimkataa Rachida, binti wa Alima, mtoto wake pekee.

Alhamisi ikaja shombo. Ilianza kwenye mto wa kulalia, ikaenda kwenye kanga, ikaingia hata kwenye chai. Daktari wa zahanati aliangalia macho ya Rachida, akasema damu imepungua, akaandika vidonge. Jumamosi mkono wa kushoto ukajifunga. Alima alijaribu kuufungua kwa mafuta ya moto, kidole kimoja kimoja, kama anavyofanya na maiti, na hapo, mikono yake ikiijua kazi kabla ya kichwa, ndipo alipoacha.

Adolphine alikuwa amekaa kizingitini na beseni lake la mikate.

"Mama Rachida," alisema polepole. "Bile bintu njo ulisemaka ku kilio ya Nafisa. Maji. Harufu. Sasa vidole."

"Nyamaza, Adolphine."

"Mi nanyamaza. Mi si weye." Akafunika mikate. "Kisha vidole, jicho. Na ya tano ilikuwa nini tena?"

Alima aliufunika mkono wa Rachida kwa kanga. La tano lilihitaji sanda, na sanda anavalishwa mtu wa aina moja tu.

Jumapili adhuhuri, jua likiwa kali na majirani wa kanisani wakipita na nguo zao za kung'aa, Rachida alilala mkekani akapata usingizi, na jicho lake la kulia likabaki wazi, na Alima alipokwenda kufunga mlango jicho likaenda naye, na aliporudi likarudi naye, na alipoinama nyuma ya kabati akijidai anatafuta sindano alisubiri kidogo, akachungulia, akalikuta linamngoja pale pale, kavu, lisilo na hasira wala usingizi, kama jicho la mtu anayemwangalia mwosha na kujiuliza atatoka hapo akaseme nini.

Alimwita Mwalimu Zakari. Huyu asubuhi alifundisha watoto Kurani na mchana alitengeneza redio, na kazi zote mbili alizifanya bila kelele. Alichoma ubani, akasoma, akapulizia maji. Maji yakamteleza Rachida.

"Uko nani?" Zakari akauliza.

"Wa Nafisa."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya upole, sauti ya mtu aliyekaa nyumbani kwake. Mdomo wa Rachida ulisogea kidogo tu.

"Unatafuta nini kwa huyu mutoto?"

"Nilikaa na Nafisa tangu alikuwa mudogo, kule Kasomeno. Maji ile ni miye. Harufu ile ni miye. Nilikuwa namushika mukono siku alikufa, njo maana haikufunguka. Nilikuwa nalia mu jicho yake." Jicho likamgeukia Alima. "Kila mwosha anaonaka bintu. Huyu alimuona uchi, akatoka, akamuvua tena mbele ya bantu."

"Mutoto hana kosa," Alima akasema.

"Binti ya Nafisa alikuwa na kosa gani?"

 Nje mtu alikuwa anauza makaa, anaita.

"Unataka nini?" Zakari akauliza tena.

"Arobaini iko Ijumaa. Aseme bongo yake, ile alidanganya, mbele ya bamama. Aseme bongo tu, anyamaze. Akiongeza, ya tano nitaileta."

Rachida akafumba jicho, akalala. Zakari alimvuta Alima hadi uani.

"Mama Rachida, nisikilize muzuri. Utasimama, utasema: nilidanganya juu ya Nafisa, munisamehe. Kisha unakaa chini."

"Na bakiniuliza?"

"Unakaa chini."

"Lakini mi si mwongo, Mwalimu. Ile mambo ine ingine nilionaka na macho yangu."

"Njo maana nakuambia ukae chini."

Ijumaa ua wa Feruzi ulijaa. Cherehani zilikuwa zimesogezwa ukutani, mikeka imetandikwa. Binti wa Nafisa aligawa kahawa, na alipofika kwa Alima alimpa kikombe bila kumwangalia. Rachida alikaa nyuma ya mama yake, amefunikwa shuka jeupe kichwa hadi miguu kwa sababu ya ile shombo, na wanawake walikuwa wameacha nafasi pande zote.

Baada ya dua ya Mwalimu Zakari, Alima alisimama.

"Nilisema bongo juu ya Nafisa," alisema. "Hakuita jina ya mutu. Munisamehe."

Ikapita pumzi moja. Binti wa Nafisa aliweka sinia chini, akaanza kulia kimya kimya, kilio cha mtu anayetua mzigo. Alima angekaa hapo, hadithi hii ingekuwa fupi, na mtoto wake angekuwa wake.

"Kumbe uko mwongo hivi?" mwanamke mmoja akasema kutoka kona. "Mama yangu ulimwosha weye. Juu yake ulisemaka bongo gani?"

"Ye ni mwongo tangu zamani," mwingine akadakia, na wachache wakacheka.

Magoti ya Alima yalikuwa yameanza kukunjika ili akae. Yakanyooka.

"Mwongo mwenyewe," alisema. "Moja tu njo bongo. Ile ine ni kweli, naapa mbele ya Mungu. Maji, shombo, vidole, jicho. Nilishika na hii mikono."

Binti wa Nafisa akaacha kulia. Aliangalia tu.

"Alima," sauti ikaita.

Ilitoka chini ya shuka jeupe, na safari hii haikuwa ya mwanamume. Ilikuwa sauti ya Rachida mwenyewe, safi, yenye afya, sauti ya mtoto ambaye maisha yake yote hajawahi kumwita mama yake kwa jina. Shuka likashuka. Jicho lilikuwa jicho la kawaida. Mkono wa kushoto ukafunguka taratibu, kidole kimoja kimoja, akauchovya kwenye bakuli la kunawia, na maji yakamshika vizuri kabisa.

"Hautakufiwa," Rachida akasema, akitabasamu. "Nitakaa na weye. Mi njo nitakuosha."

Wanawake walipiga vigelegele, mtoto amepona. Zakari peke yake alichukua kitabu chake, akatoka, na hakumtazama Alima.

Tangu siku hiyo Rachida hajaugua. Akaomba kufundishwa kazi, yeye ambaye zamani aliogopa hata kupita karibu na jeneza. Mwaka haujakwisha na sasa ndiye anayeitwa, kwa sababu ana mikono mizuri na hasemi. Anaosha, anafunika, anarudi nyumbani, amefunga mdomo. Watu wanamsifu sana mama yake kwa malezi.

Alima mgongo umemuuma mwaka huu, hawezi kujiosha mwenyewe. Kila asubuhi Rachida anamkalisha kwenye kigoda bafuni, anammiminia maji ya vuguvugu, anamsugua bila haraka, kila kunjo, kila kovu, na macho yake yanapita pale mikono inapopita. Juzi mikono ilifika chini ya titi la kushoto, penye alama ambayo hata marehemu mume wa Alima aliambiwa ni ya kuungua, ikasimama hapo.

"Ku kilio yako, hii njo nitaanza nayo," akasema, akachota maji mengine.