Chipukizi la Wifi

Kila mwezi Bwana Mimea, afisa anayehesabu miti adimu, alipita mlangoni kwa fundi cherehani bila kusimama. Alikuwa anakwenda nyumba ya pili, uani kwa wifi yake fundi, kutazama mti mmoja tu: kisiki kinene chenye majani magumu ya miiba. Aliupima, akauandika daftarini, akapewa kiti.

Fundi alikanyaga cherehani kwa hasira. Kwake kulijaa kishona nguo, maua meupe yenye moyo wa manjano, mbegu zikiganda kwenye sketi za wateja. Nani aliyaandika?

Siku wifi alipokwenda kliniki, fundi aling'oa chipukizi pekee lililokuwa ubavuni mwa kisiki. Akalipanda kwake nyuma ya karo la kufulia, akalimwagilia asubuhi na jioni. Kila Jumamosi alilipima kwa futi ya kushonea. Miezi mitatu, sentimita zilezile. Kisha likaanza kunuka.

Wifi alikuwa ameliona shimo siku ileile aliyorudi kliniki. Bwana Mimea alipouliza, alisema labda ni fuko. Ila salamu zake kwa fundi zilipungua.

Mwishowe fundi alimwita Bwana Mimea nyuma ya karo, akakiri yote. Hakujua wifi amesimama mlangoni.

"Dada fundi," alisema Bwana Mimea, "kishona nguo kimoja hutoa mbegu maelfu. Miti ya aina hii ina dume na jike, na huu wa wifi yako ni dume. Majike tunayoyajua yamebaki mawili. Chipukizi likifa, hatuna pa kulipata jingine."

Zamani kilima cha nyuma ya soko kilijaa miti hii. Tuliokuwepo tunayakumbuka malori yaliyoibeba kwenda kupamba mageti ya wakubwa. Wakubwa hao hawajaulizwa hadi leo.

"Kumbe fuko wangu ana cherehani," alisema wifi.

Fundi aliinamisha kichwa. Bwana Mimea alikata sehemu iliyooza, akawaeleza: likauke kivulini wiki mbili, lipandwe kwenye mchanga wenye kokoto, maji kidogo tu. Na mti wa namna hii haung'olewi bila kibali. Wifi mwenyewe alileta mchanga. Fundi aling'oa kishona nguo kabla hakijatoa mbegu.

Mwezi wa tisa tangu lipandwe upya, ilitokeza ncha ya kijani. Fundi alichukua futi, akasita, akaenda kugonga kwa wifi.

"Njoo upime wewe. Ni lako."

Wifi alipiga magoti, akapima polepole. "Limeongezeka upana wa kifungo."

"Cha shati au cha koti?"

"Cha koti, wifi."