Mwandiko Mbaya wa Thirlwell

"Kasha limeshatoka rafuni," sauti ilinong'ona kupitia redio ndogo ya sikioni.

"Naliona," Maud Ollerenshaw alijibu bila kutikisa midomo.

Jasusi huyo alikuwa ameketi katika chumba cha kusomea nyaraka cha chuo kimoja kaskazini mwa Uingereza. Sweta la sufu. Penseli mkononi. Bastola ya Glock kiunoni. Kwenye meza ya mbele yake, mtu aliyejiita Dokta Lindqvist alikuwa akifunua barua za marehemu Aubrey Thirlwell, mshairi na mhariri wa jarida la mashairi.

Amevaa glavu nyeupe! Loo! Wasomaji wa kweli hunawa mikono tu; glavu wamewaachia watu wa televisheni.

Lindqvist alikuwa akisaka jina moja. Kwa miaka mingi Thirlwell alichapisha mashairi ya mwanamke wa ng'ambo, na kupitia kwake mwanamke huyo akaipenyezea Uingereza siri za jeshi la kwao. Sasa ni bibi kizee mwenye wajukuu. Jina likivuja, atanyongwa.

Kacha. Kacha. Lindqvist alipiga picha kwa simu, akazituma kwa mabwana zake.

Hakuzisoma. Angezisomaje? Thirlwell aliandika vibaya mno. Hata mkewe alilazimika kumuuliza ameandika nini. Mabwana hao wangejijua wenyewe.

Maud alimbana kwenye makabati ya mabegi.

"Umechelewa, mama. Nimeshatuma."

"Najua. Ngoja nikusomee ulichotuma." Alikunjua nakala. "'Viktor Halas ameniletea tena ramani. Bila Halas tungekuwa vipofu.'"

Uso ulimsawijika. Viktor Halas lilikuwa jina lake halisi.

"Uongo! Huyo Thirlwell sijawahi hata kumwona!"

"Kweli kabisa. Lakini kasha uliliagiza wiki mbili mapema, kama utaratibu unavyotaka. Nikapata muda wa kujifunza mwandiko wake na kuandika barua hiyo. Barua ya kweli nimeichoma."

Simu ya Halas ikaita. Akaitazama, asiipokee. Nje, watu wawili wa mabwana zake walishuka kutoka kwenye BMW iliyomleta, wakasimama mvuani kumngoja.

"Nikamate," alisema. "Nifunge. Nakusihi, mama, nina mtoto mdogo!"

"Kwa kosa gani, mpenzi? Picha zinaruhusiwa hapa. Na ada ulilipa."

Maud akamvua glavu, akamvisha koti, akamfunga vifungo hadi shingoni. Kisha akamfungulia mlango, akamsukuma nje.

Hakungoja kuona. Alikwenda kunawa mikono, akarudi mezani na kuagiza kasha lililofuata. Kusema kweli, mashairi ya Thirlwell yalikuwa yameanza kumkolea.