Kodi ya Ndoo Moja

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mibuni, Bi Nubia aliwasha gari lake kuukuu na kuanza kuukwea mlima kuelekea mjini. Gari halikuwa na milango. Lilibeba chochote kilichopatikana: magunia ya kahawa, mikungu ya ndizi, kuku na watu. Wakazi wa kijiji cha Alto Guadual waliliita Panchita, na walijua linakuja kabla ya kuliona, maana lilikohoa kuliko mvuta tumbaku.

Danelia, binti yake wa miaka kumi na miwili, alikaa mbele akitafuna arepa, mkate bapa wa mahindi uliotiwa jibini.

"Mama, tupite njia ya chini."

"Leo tena? Njia ya chini inauzunguka mlima wote."

"Napenda harufu ya mikate pale kwenye tanuri."

Bi Nubia alicheka, akakata kona. Hakuwa mtu wa kumnyima mtoto kitu kidogo kama harufu. Danelia aliteremka nyuma ya tanuri la mikate, akajipangusa sketi, akamalizia kipande cha njia kilichobaki akipiga mluzi, utadhani ametembea kutoka nyumbani.

Sababu hasa haikuwa mikate. Danelia alikuwa mtoza kodi wa darasa.

Mambo yalianza siku Mwalimu Amparo alipofundisha habari za ongezeko la joto duniani. Aliwaeleza kwamba moshi wa petroli, dizeli na makaa ya mawe una hewa ya ukaa, na kwamba hewa hiyo inapozidi angani huzuia joto lisitoke. Wanafunzi walielewa upesi, kwa sababu babu zao walivuna kahawa nzuri kule bondeni ambako siku hizi mibuni ilikauka kwa jua na kushambuliwa na wadudu.

"Ndiyo maana serikali inatoza kodi kwenye mafuta," alisema Mwalimu. "Anayechoma zaidi analipa zaidi."

"Na sisi tutoze," alidakia Danelia, ambaye hakuwahi kukosa la kusema. "Anayekuja shule kwa chombo cha moto, jioni anabeba ndoo moja ya maji kumwagilia miche ya kitalu cha shule."

Darasa lilishangilia. Danelia akachaguliwa mtoza kodi, akavishwa utepe wa kijani begani. Ni pale tu aliporudi nyumbani na kuiona Panchita uani ndipo alipokumbuka jinsi yeye mwenyewe anavyofika shuleni.

Angeweza kusema. Lakini utepe ulimpendeza, na aliona aibu. Siku ya kwanza akanyamaza, ya pili ikawa rahisi zaidi.

Mlipaji wake mkubwa alikuwa Duvan, mvulana mpole aliyekaa mbali, kwenye njia panda ya juu. Mjomba wake alimleta kwa pikipiki kisha akarudi shambani bila abiria. Kwa hiyo kila jioni Duvan alijaza ndoo kwenye tangi la chini na kuipandisha hadi kitaluni, akachelewa mazoezi ya mpira. Naye ndiye aliyekuwa kipa.

"Danelia, nisamehe leo tu," alimwambia Ijumaa moja baada ya masomo. "Kocha kasema nikichelewa tena, kesho golini anasimama Wilder. Na Wilder mpira ukimjia anafumba macho."

"Kodi ni kodi," alijibu Danelia. Moyoni aliona vibaya, ila wenzake walikuwa wamemzunguka wakisikiliza.

"Sawa, mheshimiwa. Na utepe wako leo uko wapi?"

"Umefuliwa. Haujakauka."

Kabla hajamaliza, kikohozi kikasikika getini. Panchita ilisimama, na Bi Nubia akaruka chini akipunga kitu cha kijani.

"Danelia, mwanangu, utepe wako huu! Ulikuwa chini ya siti. Unavyoacha vitu kwenye gari, siku moja utajiacha mwenyewe."

Duvan aliuangalia utepe, akaliangalia gari.

"Kwani wewe unakuja na gari?"

"Leo tu," alisema Danelia haraka. "Mguu uliniuma."

Bi Nubia alimtazama binti yake. Tabasamu lilimfutika usoni. Duvan aliinamia ndoo yake, akaanza kuondoka nayo kuelekea tangini, kandambili zikipiga vumbi, huku kule uwanjani filimbi ya kocha ikilia. Danelia alisikia uchungu ambao utepe usingeweza kuufunika.

"Duvan, ngoja. Nimesema uongo. Mguu wangu mzima. Nakuja na gari kila siku, nashukia nyuma ya tanuri ili msinione."

Kelele zikazuka. "Mwizi wa kodi!" alisema mmoja. "Na alivyokuwa anatukaripia!" Danelia alilia bila kujificha. Alimpokonya Duvan ndoo. "Hii naibeba mimi. Wewe kimbia."

Duvan hakungoja kuambiwa mara ya pili.

Mwalimu Amparo alikuwa amesikia yote kutoka barazani. Kabla hajasema kitu, Bi Nubia alishika kiuno.

"Kumbe ndiyo sababu ya harufu ya mikate. Njia yangu ya siku zote ni ile ya juu, napita mlangoni kwa kina Duvan. Siti za nyuma zilikuwa wazi. Ningembeba yeye na watoto wengine wa kule, na pikipiki ya mjomba wake ingelala. Nimezunguka mlima mzima nikiunguza mafuta, eti mtoza kodi ya moshi asionekane."

Mtu mmoja akacheka, kisha wote wakacheka, hata Danelia katikati ya machozi.

"Sasa sikilizeni," alisema Mwalimu Amparo, akiuchukua utepe. "Kodi hii haikuwekwa ili Duvan ateseke. Imewekwa ili kila mtu, kabla ya kuwasha moto, ajiulize kama hakuna njia nyingine. Anayekaa karibu atembee. Wa mbali wapande gari moja, moshi wao uwe mmoja na ndoo yao iwe moja, wapokezane. Lakini hakuna atakayekubali kulipa akimwona mtozaji anakwepa. Danelia, uongo wako ulimchosha mwenzako, ukaongeza moshi uleule tuliotaka kuupunguza. Umefanya vizuri kuukiri mwenyewe. Madeni yako utayalipa kitaluni."

"Nitalipa, Mwalimu."

Jumamosi Duvan alisimama golini na hakufungwa hata bao moja. Jumatatu Panchita ilipita njia ya juu na kusimama mbele ya geti la shule, machoni pa watu wote, imejaa watoto wakiimba. Danelia alikuwa amesimama nyuma kwenye bampa, amempisha mdogo wa Duvan akae siti ya mbele. Kule kitaluni miche ilikuwa imechangamka kwa maji.

Jioni, kabla ya kwenda mazoezini, mtoza kodi mpya alimfuata Danelia. Utepe wa kijani ulimbana kidogo Duvan begani, na mkononi alishika ndoo tupu. Zamu ya kwanza ya watu wa Panchita ilikuwa ya Danelia.

"Rafiki yangu, nisamehe leo tu?" Danelia alimtania.

Duvan alijikaza asicheke, akampa ndoo.

"Kodi ni kodi."