Nani Alichimba Kisima?

Mwanakuu alikuwa mshona kofia katika Mji wa Kale, Mombasa. Asubuhi alishona, adhuhuri alipika, na alasiri alivaa buibui lake akaenda darasa la kina mama. Herufi za Kiarabu alizijua tangu utotoni, alipokuwa chuo cha Kurani. Hizi za kizungu alizianza mwaka ule wa 1965, akiwa na miaka arubaini na mitano.

Siku moja mwalimu wao, Ketty, aliwaambia, "Kila mmoja aandike habari ya kitu kimoja cha mtaani kwake. Jumapili tutawaalika majirani, muwasomee."

Mwanakuu alichagua kisima kilichokuwa mbele ya nyumba yao. Jirani yake Faraj, muuza halwa, alikuwa na kijitabu kilichoandikwa na mgeni mmoja mtembezi. Mwanakuu alikiazima, akanakili: "Kisima hiki kilichimbwa na tajiri Abdulghafur." Faraj alifurahi sana, kwani Abdulghafur alikuwa babu yake.

Jioni Mwanakuu alimsomea mamake, Bi Sheikha. Bi Sheikha akaacha kula.

"Kisima kile alikichimba babangu, Kombe," alisema. "Ukiyasoma hayo mbele za watu, mimi siji."

Kesho yake Faraj alimwamkia, Bi Sheikha hakuitika. Nyumba mbili zilizopelekeana futari miaka yote sasa zilinuniana. Mwanakuu aliingiwa na huzuni. Alikwenda darasani akataka kuichana karatasi yake.

"Usiichane," alisema Mwalimu Ketty. "Tuulizane kwanza. Aliyeandika kijitabu alikuwapo kisima kikichimbwa?"

"Hakuwapo, mwalimu. Kijitabu kina miaka kumi tu. Kisima kimemzidi mamangu umri."

"Basi huyo alisimuliwa, au alisoma kwengine. Hicho ni chanzo cha pili. Si lazima kiwe uongo, lakini usikiamini hivi hivi. Uliza: nani kasema? Alijuaje? Alitaka nini?"

"Basi mama ndiye mwenye kweli."

"Yeye alikuwapo?"

Mwanakuu alicheka. "Alikuwa hajazaliwa."

"Basi naye alisimuliwa. Tena anampenda babake, kama Faraj anavyompenda babu yake. Wewe tafuta chanzo cha kwanza: neno la mtu aliyekuwapo, au kitu kilichobaki tangu siku zile."

Mwanakuu alirudi akiwaza. Alipofika kisimani aliinama, akatazama upande wa ndani wa ukingo. Chini ya ukoga palikuwa na mikwaruzo. Alileta kumbi la nazi na maji, akasugua. Zikatokeza herufi za Kiarabu, na maneno yenyewe yalikuwa ya Kiswahili. Alisoma polepole:

"Mwaka 1311. Mimi Kombe nimetimba. Abdulghafur ametoa mawe. Wake wa mtaa wamebeba mchanga."

Kutimba, kwa watu wa Mvita, ni kuchimba. Na mwaka huo ni wa Kiislamu. Tangu hapo ilikuwa imepita zaidi ya miaka sabini.

Alimwita mamake, akamwita Faraj, akatuma watu wamlete Mwalimu Ketty. Mwalimu alifika, akatazama, kisha akauliza kama kawaida yake, "Tutajuaje kwamba hayakuandikwa juzi?"

Mwanakuu alipitisha kidole juu ya herufi. "Zimezama, mwalimu. Ziliandikwa chokaa ingali mbichi."

"Vizuri. Lakini Kombe ndiye aliyejitaja. Yuko mwengine anayesema vivyo hivyo?"

Faraj aliingia kwake, akapekua sanduku la babu yake, akarudi na barua kuukuu. Abdulghafur alimwandikia ndugu yake wa Lamu mwaka ule ule, akajiwekea nakala hii. Mwanakuu aliisoma kwa sauti: "Kisima kimekwisha. Mawe nimetoa mimi, lakini kazi ni ya Kombe."

Faraj alimgeukia Bi Sheikha. "Mama, kumbe sote wawili tulikuwa na nusu."

"Na hao wanawake je?" alisema Bi Sheikha. "Mimi sikupata kuambiwa. Huenda mamangu alikuwa mmoja wao." Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Usiku ule halwa ililetwa, na sahani ikarudi na mkate wa sinia.

Jumapili Mwanakuu alisimama mbele ya majirani. Alisoma aliyoyaandika, akaeleza kila neno amelipata wapi: lipi kwenye kijitabu, lipi ukingoni, lipi kwenye barua. Alipofika kwa wanawake waliobeba mchanga, vigelegele vilipasua hewa. Baada ya hapo fundi alipaka ukingo chokaa, akayaacha wazi yale maandishi ili kila mtu ayasome.

Jioni ya Jumapili ile Bi Sheikha alikaa karibu na binti yake.

"Chukua kalamu," alisema. "Andika siku mfereji wa maji ulipoletwa mtaani kwetu, na watu walivyocheza ngoma."

"Nani alikusimulia, mama?"

"Sikusimuliwa," alisema Bi Sheikha. "Nilikuwapo. Nilicheza."