Haya ya Muuza Haidrojeni

Walikutana kwenye maonyesho ya magari, watu wamejaa hata pa kutia mguu hapana. Muuza magari alikuwa jukwaani, suti ya buluu imemkaa kama amezaliwa nayo, akilisifu gari la haidrojeni.

"Unajaza kwa dakika chache tu, na moshi wake ni maji!"

"Na hiyo haidrojeni inauzwa wapi?" aliuliza mkunga mmoja aliyetoka zamu, viatu vyeupe miguuni, mtandio wa manjano shingoni.

"Kituo kipo hapa mjini, dada."

"Kimoja?"

Watu wakaangua kicheko. Muuza magari akacheka nao, ila moyo ulikuwa umeshateleza.

Wakawa wapenzi wa kupigiana simu hata bila la kusema. Mkunga mwenyewe aliendesha haibridi, aliyoichomeka ukutani kila jioni. Umeme ukimwishia njiani, petroli inapokea.

"Gari lako lina waume wawili," muuza magari alimtania.

"Bora wawili wanaopatikana, mpenzi, kuliko mmoja wa kutafutwa kwa tochi."

Baba yake mkunga, fundi cherehani mstaafu, alikuwa na mtoto wa jicho. Alikuwa amesubiri sana hadi kupata nafasi ya upasuaji katika mji wa mbali.

"Tutakwenda na gari langu," alisema mkunga.

"Mkwe mtarajiwa nipo, mzee apandishwe petroli? Niachie mimi."

Asubuhi ya safari, mwenzake wa kazini alimwandikia muuza magari: pampu ya kituo imeharibika. Tangi halikufika hata nusu. Haibridi ilikuwa pale pale uani, imejaa chaji. Neno moja tu lingetosha. Lakini mzee alikuwa ameshatoka, koti limepigwa pasi, mkono unapapasa mlango.

"Hili ndilo lile linalokojoa maji safi?"

Muuza magari akamfungulia mlango. "Ndilo, baba. Karibu."

Gari likazima kwenye mlima, mbali na kila kitu.

"Sielewi," alisema muuza magari. "Labda kompyuta yake."

Hapo hapo simu ikaita kwenye spika za gari. Akabonyeza akidhani anaikata, kumbe ameipokea.

"Kaka, usisafiri nalo! Ujumbe wangu wa asubuhi naona uliusoma, mbona kimya?"

Mkunga aligeukia dirishani. Mzee ndiye aliyenyoosha mkono, akamgusa muuza magari bega. "Si kitu, mwanangu. Vyombo huharibika." Upole ule ulimchoma kuliko tusi.

Walipofika wakivutwa na lori, nafasi ilikuwa imepewa mgonjwa mwingine.

Tangu hapo mkunga alipopiga simu, yeye aliifunika kifudifudi. Jukwaani, akifika kwenye "moshi wake ni maji", ulimi ulikwama. Mwishowe alishindwa kula, akaenda kwao mkunga. Alimkuta mzee uani, anatunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa.

"Baba, nilijua. Nilijua kabla hatujaondoka."

"Nilisikia. Macho ndiyo mabovu, masikio mazima." Mzee akatunga tena, akakosa. "Mimi nimekusamehe. Aliyelia yumo ndani."

Mkunga alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Niliona haya," alisema muuza magari.

"Asubuhi ile uliona haya, baba akakosa macho. Hilo ningelimeza. Halafu ukaona haya tena, ukaniacha nilie peke yangu. Hilo ndilo limeniuma. Gari lenyewe sina ugomvi nalo. Vituo vikienea nitalipanda. Lakini mtu anayenificha kilichopungua, nitafika naye wapi?"

Muuza magari akaketi kizingitini, akalia waziwazi, mzee akisikia.

Mzee alipopata nafasi nyingine, mkunga mwenyewe alimpigia simu muuza magari. Alipofika alimkuta kando ya haibridi; mkunga akachomoa waya ukutani, akamkabidhi ufunguo.

"Endesha."

"Bado naona aibu hata kukutazama, mpenzi."

"Basi tazama barabara. Mimi utanitazama tukifika."