Tangi Nililomchagulia Dada

Mimi ni fundi vioo. Madirisha, milango ya maduka, vioo vya kabati, vyote napima na kukata. Kwa hiyo dada yangu alipotaka tangi la samaki wa baharini, hakuhangaika kutafuta mshauri. Alinijia karakanani Ijumaa moja jioni, giza linaanza kuingia, nami nafagia vipande sakafuni.

"Funga, twende," aliniambia. "Leo nanunua."

Mume wake, shemeji yangu, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Miaka yote ya ndoa alimwahidi tangi la maji ya chumvi pale sebuleni, lenye matumbawe hai na samaki wa kila rangi. Kila mwaka ilikuwa mwakani. Sasa dada alibaki peke yake na nyumba ile. Mchana alifundisha baiolojia, jioni akaukodolea macho ukuta mtupu. Tangi halikuwa pambo kwake. Alitaka awe na sababu ya kurudi nyumbani.

Tulianzia dukani kwa Mzee Chumvi. Tunamwita hivyo kwa sababu ya mikono yake iliyochubuka kwa maji ya baharini, na ya ulimi wake pia. Alikuwa na matangi matatu mapya. La kwanza kioo kilikuwa chembamba. Ukilijaza lita mia nne, tumbo linatokeza mbele. La pili lilikuwa na viputo vya hewa ndani ya silikoni, na kiputo cha leo ndicho mvujo wa kesho. La tatu halikukaa mraba.

"Fundi, unachagua tangi au mchumba?" Mzee Chumvi aliniuliza.

"Mchumba hawezi kunilowanishia sebule."

Dada alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba.

Nadhani ni kicheko hicho kilichomlegeza mzee. Alifuta mikono kwenye suruali, akatazama mlangoni, akapunguza sauti.

"Lipo moja… si langu. Nyumba ya nyuma ya karakana ya matairi. Marehemu wa pale alikuwa bingwa wa matangi. Mjane wake analitoa. Kioo chake hakina mfano. Ila mimi nisingelichukua. Ile harufu…"

Tulikwenda. Harufu tutaosha, tulisema.

Mjane alifungua mlango kabla hatujabisha mara ya pili. Mwanamke mrefu, amejifunga kitambaa puani, glavu za mpira mpaka kwenye viwiko. Hakutukaribisha kiti. Alitupeleka moja kwa moja chumba cha nyuma.

Harufu ikatupokea.

Umewahi kuvua bandeji iliyokaa wiki mbili bila kubadilishwa? Ndiyo hiyo. Tamu kidogo. Ya vuguvugu.

Lakini tangi! Milimita kumi na tano, kioo cheupe kisicho na ule ukijani wa pembeni. Kingo zimesagwa zikang'aa. Niliweka pima maji, kipovu kikatulia katikati kama kimegandishwa. Nilipima mshazari huu na ule, ukalingana mpaka milimita ya mwisho. Nimekata vioo miaka ishirini na miwili, sijawahi kuona mkono kama ule.

Chini yalibaki maji ya kina cha shibiri moja, yenye ukungu mwekundu, kama yaliyooshea nyama. Pampu haikuwepo. Hata hivyo maji yalipanda kidogo… yakashuka… yakapanda.

Nilipitisha ukucha kwenye kiungo cha pembeni. Haikuwa silikoni. Ilikuwa na rangi ya asali iliyochacha, na ilibonyea. Laini. Yenye joto. Kama ufizi wa mtu.

Nilifuta kidole kwenye shati haraka.

"Hii gundi gani, mama?"

"Mume wangu aliichemsha mwenyewe," alinong'ona.

"Haivuji?"

"Hajawahi kuachia." Akashtuka. "Haijawahi. Haijawahi kuachia."

Ulimi huteleza, nilijiambia.

"Ni bei gani?" dada aliuliza.

"Chukueni tu. Leo hii. Na hayo maji msiyamwage… atakasirika."

Safari hii hakujisahihisha.

Dada alinigeukia. Macho yalimng'aa kama ya bibi harusi. "Unasemaje, mdogo wangu?"

Ningeweza kusema hapana. Moyo ulishasema. Lakini jicho la ufundi lilikuwa limependa.

"Hili ndilo," nikasema.

Kesho yake nililifunga sebuleni kwake. Nilisawazisha meza ya chuma, nikaweka pampu, chujio na taa za buluu. Dada aliyarudisha yale maji mekundu tuliyoyabeba kwenye ndoo, akakoroga chumvi kwa kipimo, akapima maji kila saa kama yuko maabara. Harufu niliipiga siki, nikaipiga sabuni. Ikafifia. Siku ya nne akatia samaki wanne.

Siku ya saba akanipigia simu, anahema kwa furaha. "Matumbawe yameota!"

"Si hujayanunua bado?"

"Ndiyo maana nakuambia! Ya waridi! Yanafunguka na kufumba!"

"Na samaki?"

"Hawahitajiki."

Baada ya hapo hakupokea simu. Shuleni wakaniambia hajaonekana tangu Jumatatu. Jumamosi saa sita mchana nilifungua mlango wake kwa ufunguo wa akiba.

Ile harufu ilinipiga usoni kama kitambaa kibichi. Nzi walitembea kwenye mapazia yaliyofungwa. Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya tangi, nywele zimeshikana kwa jasho, mkono wake wa kulia umezama majini mpaka kwenye kiwiko.

"Dada…"

"Shhh. Anakula."

Nilisogea. Yale ya waridi hayakuwa matumbawe. Yalikuwa nyama, yenye mishipa, imejikunja mikunjo mikunjo, inafunguka na kufumba. Juu yake palipangwa vitu vyeupe, vimebebana kama magamba ya samaki.

Kucha.

Kucha za watu. Ndogo na kubwa. Moja ilikuwa na rangi nyekundu iliyobanduka nusu. Kati yake zilipepea nywele, nyuzi ndefu nyembamba, na chini kwenye mchanga meno yalichomoza kama uyoga.

Nilimvuta dada mkono. Ulitoka na mlio wa kitu kinachonyofolewa mdomoni. Vidole vilikuwa vyeupe, vimevimba kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Vitatu havikuwa na kucha. Hakuna damu, hakuna jeraha. Nyama laini tu, safi, iliyolambwa.

"Haiumi," alisema, akitabasamu. "Ananyonya tu."

"Nani?"

"Hajakamilika bado. Mvumilie."

Nilitapika palepale kwenye zulia. Na hiki ndicho kinachonikata hamu ya chakula mpaka leo: ile nyama iligeuka. Yote, kwa pamoja. Ikajibandika kwenye kioo upande wa matapishi yangu, mikunjo yote wazi, inatafuta.

Nilimburuta dada chumbani nikamfungia. Kisha nikampigia Mzee Chumvi.

"Niambie ukweli, mzee. Gundi ile ni ya nini?"

"Yule bingwa alikuwa na mke wa kwanza," alisema taratibu. "Alimpenda kupita kiasi. Mke alipofariki, tuliobeba jeneza tulishangaa. Lilikuwa jepesi… jepesi mno. Mwezi huohuo bingwa akaacha kununua silikoni. Fundi, unajua maseremala wa zamani walipata wapi gundi."

"Kwenye ngozi na mifupa. Ya ng'ombe!"

"Ndiyo," alisema. "Ya ng'ombe."

Akakata simu. Nilipopiga tena hakupokea.

Nilichukua kisu changu cha kukatia silikoni, nikaanza na pembe ya kushoto. Makali yaliingia bila shida. Tone nene la manjano likatoka, vuguvugu, likanitiririkia mpaka kwapani. Huko chumbani dada alipiga mlango kwa viganja.

"Usimuue mara ya pili! Mdogo wangu, nakuomba… atakuwa hana tena wa kumshika!"

Nilikata pembe ya kulia. Kiungo kiliachia kwa mlio wa nyama ikitoka kwenye mfupa. Kioo kikaanguka, na lita mia nne zikanipita miguuni, za moto kama mkojo.

Ile nyama ikabaki kwenye vigae, inahema. Nje ya maji niliona umbo lake vizuri. Lilikuwa na bega. Lilikuwa na kitu kilichotaka kuwa shingo.

Ikaanza kutambaa.

Nilikuwa na kisu mkononi. Sikuweza. Sikuthubutu hata kuigusa kwa kiatu. Ilijikokota ikiacha ute na ukucha mmoja mmoja, ikapita ukumbini, ikaingia bafuni, mpaka kwenye tundu la kutolea maji machafu. Kichujio cha tundu lile hakipitishi hata kidole. Ikajisukuma hapohapo, kidogo kidogo, kama tambi… na mwisho ikatoa sauti ya mtu anayemaliza mchuzi kwenye bakuli.

Nikaenda kumfungulia dada mlango.

Vioo nilivivunja nikavitupa jalalani. Nilirudi kwenye nyumba ya nyuma ya karakana ya matairi, nikaikuta tupu, milango wazi. Fundi wa matairi aliniambia mjane alihama usiku uleule tulipoondoka na tangi. Aliondoka akilia, alisema, au akicheka. Hakuwa na uhakika.

Dada tunaishi naye sasa, kwangu. Ni mwezi wa tatu. Daktari alisema ni fangasi, akampa dawa ya kupaka, lakini kucha hazijaota. Anakula vizuri. Amerudi kufundisha. Tangi hajalitaja hata siku moja, nami simuulizi.

Mke wangu anamsifu kwa majirani. Anasema hajawahi kupata wifi mwenye kujituma hivi. Kila baada ya chakula dada anawahi sinkini kuosha vyombo, na haruhusu mtu kumsaidia. Anajifungia jikoni nusu saa, wakati mwingine saa nzima. Sahani zetu ni sita tu.

Jana nilisimama nje ya mlango nikasikiliza. Bomba lilikuwa limefungwa. Hapakuwa na mlio wa sahani wala kijiko.

Nilimsikia dada tu, ananong'ona kama anayemlisha mtoto.

"Taratibu," alikuwa akisema. "Taratibu… usiniume."